KUPIKA MAJIBU YA JARIBIO NI KUPUNGUZA MIZANI



 



Katika toleo hili tumeona tuzungumzie jambo ambalo huenda baadhi yenu mtashangaa kulikuta katika jarida la madrasa. Nalo ni majaribio ya fizikia yanayofanywa na vijana wetu katika shule za sekondari, hasa yale ya kupima namna maji ya moto yanavyopoa na yale ya kupima ukinzani wa umeme katika waya. Tumelazimika kulizungumza kwa sababu ya swali tuliloulizwa na mwanafunzi wetu mmoja, ambalo siku ile tulishindwa kulijibu sawasawa.

Kijana huyo yupo kidato cha tatu. Asubuhi anakwenda shule na jioni anakuja madrasa kama wenzake. Siku moja alikuja na daftari lake la fizikia akiwa na furaha, akatuonesha grafu aliyoichora. Mstari ulikuwa umenyooka kama uzi wa fundi muashi, na nukta zote zimekaa juu ya mstari. Tukamsifu. Tukamuuliza walivyofanya jaribio lenyewe. Akacheka, akasema betri za kundi lao zilikuwa zimekwisha nguvu, namba zao zikawa zinarukaruka, basi wakazifuta na kupika nyingine ili mstari unyooke. Na sisi tukacheka pamoja naye.

Jioni ile ile somo letu lilikuwa hadithi aliyoipokea Abu Huraira (r.a.) na kuisajili Imam Muslim, ya Mtume (s.a.w.) alipopita sokoni kwa muuza nafaka. Lundo lilikuwa zuri kwa juu. Mtume (s.a.w.) akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta umaji. Muuzaji akajitetea kuwa ni mvua iliyonyesha. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini asiiweke ile iliyolowa juu ili watu waione, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayuko pamoja naye. Tulipomaliza kueleza, kijana yule akanyoosha mkono, akauliza: "Ustadhi, hata kwenye fizikia?"

Tukamwambia akae, tutalizungumza siku nyingine. Ukweli ni kwamba tulikwepa. Siku nyingine hiyo ndiyo leo, na jibu letu ni ndiyo, hata kwenye fizikia.

MIZANI TUNAYOIFAHAMU

Sisi watu wa Lulindi, Masasi na Newala hatuhitaji kufundishwa uchungu wa kipimo cha uongo. Sote ni wakulima wa korosho au ni watoto wa wakulima wa korosho. Tunaijua kangomba. Tunajua namna mtu mwenye shida anavyopimiwa korosho zake kwa bakuli lisilo na muhuri wa serikali, akapewa fedha kidogo, na jasho lake la mwaka mzima likaishia kwa mwingine. Tunaposoma Suratul-Mutaffifin, aya tatu za mwanzo, pale Allah (s.w.) anapowatishia adhabu wale ambao wakijipimia hutimiza na wakiwapimia watu hupunguza, hakuna anayehitaji tafsiri ndefu.

Sasa tujiulize. Kipimajoto ni nini kama si mizani ya joto? Ammita ni nini kama si mizani ya mkondo wa umeme? Kijana anayesoma nyuzi 62 akaandika 60 kwa kuwa 60 inapendeza, ana tofauti gani na karani anayesoma kilo 62 akaandika 60? Mtu atasema karani amemdhulumu mkulima, lakini mwanafunzi hajamdhulumu yeyote. Sisi hatukubaliani na hoja hiyo. Mwanafunzi amemdhulumu mwalimu wake aliyemwamini, amemdhulumu mwenzake aliyeandika kweli akapata alama ndogo, na zaidi ameidhulumu nafsi yake, kwa kuwa ameizoesha uongo mdogo ambao kesho utakuwa mkubwa. Kijana huyo huyo, Allah akipenda, atakuwa tabibu wa kupima damu, au fundi wa kupima nyaya za umeme katika nyumba za watu. Hapo namba ya kupika inaua.

Katika Suratul-Israa, aya ya 36, tunakatazwa kufuata tusiyo na ujuzi nayo, na tunaambiwa kuwa masikio, macho na moyo vyote vitaulizwa. Jicho lililosoma kipimajoto nalo ni jicho. Nalo litaulizwa.

KISA CHA MTANZANIA ERASTO MPEMBA

Wapo wanaodhani kwamba sayansi ni mali ya Wazungu na kwamba mtoto wa Kitanzania kazi yake ni kukariri. Basi na wasikilize kisa hiki.

Mwaka 1963 kijana aitwaye Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto, mkoani Tanga. Wanafunzi pale walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe na kisha kuyaweka katika friza. Siku moja nafasi ndani ya friza zilikuwa zinakaribia kwisha. Mpemba akaona akisubiri maziwa yake yapoe atakosa nafasi, akayaweka yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu alikuta ya kwake yamekwishaganda, na ya mwenzake aliyeyaweka bila kuyachemsha bado ni uji mzito.

Alimuuliza mwalimu wake wa fizikia. Akajibiwa kwamba amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Baadaye alijiunga na Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari. Walipofika katika kanuni ya Newton ya kupoa akauliza tena, na safari hii mwalimu alimfanyia mzaha kuwa hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu hapo, akikosea hesabu, wenzake wakawa wanamtania kwa jina lake.

Mpemba hakupigana wala hakunyamaza. Alichukua bikari mbili, moja ya maji ya bomba na nyingine ya maji ya moto, akaziweka katika friza la maabara ya biolojia, akatazama mwenyewe. Kisha alipokuja mgeni, Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam, akasimama mbele ya watu na kumuuliza kwa nini maji ya nyuzi 100 yanatangulia kuganda kuliko ya nyuzi 35 katika vyombo vinavyofanana. Wanafunzi wenzake wakamcheka. Dkt. Osborne hakucheka. Naye alikuwa na shaka, lakini aliahidi kwamba atajaribu.

Aliporudi Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi akaleta taarifa kwamba kweli maji ya moto yalitangulia, lakini akaongeza kuwa wataendelea kurudia mpaka wapate jibu lililo sahihi! Ndugu msomaji, tafadhali isome tena sentensi hiyo. Fundi alikuwa na jibu moyoni kabla ya kupima, kwa hiyo alipopima akaona kipimo ndicho chenye makosa. Huo ndio ugonjwa wa kijana wetu wa grafu iliyonyooka.

Mwaka 1969 Mpemba na Dkt. Osborne waliandika makala pamoja katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Wakati huo Mpemba alikuwa katika Chuo cha Wanyamapori Mweka, karibu na Moshi. Hadi leo wanasayansi duniani huliita jambo hilo kwa jina lake, na mwaka 2012 chama cha wakemia cha Uingereza kiliitisha shindano la kulieleza, wakajitokeza watu zaidi ya 20,000.

LAKINI JE, NI KWELI?

Hapa ndipo somo linapokuwa zito zaidi. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza, Burridge na Linden, walitoa taarifa ya majaribio waliyoyafanya kwa uangalifu mkubwa. Wao hawakuona maji ya moto yakiyatangulia ya baridi. Tena waligundua kwamba kipimajoto kikipanda au kushuka sentimita 1 tu ndani ya chombo, mtu anaweza kudhani ameona alichokiona Mpemba, kwa kuwa maji ya juu na ya chini ya chombo kimoja hayana joto moja. Wapo wanasayansi wengine ambao hawajaridhika, na mjadala unaendelea.

Je, Mpemba aliongopa? Hasha. Alisema alichokiona, akaeleza alivyokiona, akaomba wenye elimu wapime. Huo ni ushahidi wa mtu mkweli. Shahidi mkweli anaweza kuona sehemu tu ya jambo, na ndiyo maana kadhi hutaka shahidi zaidi ya mmoja. Na je, walimu waliomkatalia walipatia? Nao hawakupatia, hata ikiwa mwisho wa mjadala utaelemea upande wao, kwa sababu walikataa habari bila kuipima. Suratul-Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari tunapoletewa na mtu asiyeaminika. Kama mtu wa namna hiyo anachunguzwa badala ya kufukuzwa, itakuwaje kwa kijana ambaye hatujamjua kwa uongo?

Tunayasema haya tukijua kwamba na sisi walimu wa madrasa tumo. Ni mara ngapi mtoto ameuliza swali nasi tukamnyamazisha kwa ukali, si kwa sababu swali ni baya, bali kwa sababu hatukuwa na jibu? Tunamuomba Allah (s.w.) atusamehe.

WAZEE WETU WALIPIMA

Wazazi wengine wanatuambia kuwa mambo haya ni ya shule, madrasa ibaki na dini. Tunawajibu kwa heshima kwamba maulamaa wetu wa zamani hawakuona mpaka huo. Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra kiasi cha mwaka 965, alichunguza mwanga kwa majaribio, na aliandika kitabu kizima cha kuonesha shaka zake juu ya Batlamyus, mwanachuoni wa Kiyunani aliyeheshimiwa kuliko wote katika fani ya nyota. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipima uzito wa madini na vito kwa kutumia chombo kilichotoa maji kwa mdomo maalumu, ili ajue kiasi halisi cha maji yaliyosukumwa. Al-Khazini mwaka 1121 aliandika kitabu juu ya mizani, akakiita Mizani ya Hekima. Na hawa wote waliishi katika umma uliofundishwa na wanazuoni wa hadithi kwamba habari haipokelewi mpaka ijulikane imepita kwa nani, na je, alikuwa mkweli na mwenye kuhifadhi vizuri.

Kwa ufupi, kuuliza "umepimaje?" ni ndugu wa kuuliza "umeipokea kwa nani?"

Wala ukweli huu hauna kabila. Mjerumani Georg Ohm, aliyegundua kanuni ya ukinzani wa umeme, alikuwa mwalimu wa sekondari katika mji wa Köln. Betri za zama zake nguvu zake zilikuwa zikipanda na kushuka, kama za kundi la kijana wetu. Yeye hakupika namba. Alitafuta chanzo kingine cha umeme kisichoyumba, akakipata kwa kuunganisha metali mbili tofauti, shaba na bismuthi, kiungo kimoja akakiweka katika maji yanayochemka na kingine katika barafu. Kitabu chake kilitoka mwaka 1827 na wengi hawakukijali. Mwaka 1841 ndipo chama cha wanasayansi cha London kilipompa nishani. Leo kizio cha ukinzani, omu, kinaitwa kwa jina lake.

NASAHA KWA WANAFUNZI

Tumewauliza walimu wa sayansi, nasi tunayaweka hapa yale tuliyoyaelewa.

Katika jaribio la kupoa: kwanza, tumbukiza ncha ya kipimajoto ndani ya maji yote, isiguse kitako wala ubavu wa chombo, na iwe kina kile kile kila mara. Pili, koroga taratibu kabla ya kusoma. Tatu, weka jicho usawa wa alama, usisome kwa kuinama au kuinua shingo. Nne, kama unalinganisha vyombo viwili, viwe vya aina moja, maji kiasi kimoja na mahali pamoja, kwa maana upepo wa dirishani peke yake unatosha kukupotosha. Tano, ukikosa kusoma dakika ya saba, acha nafasi wazi, usibuni.

Pia elewa unachokitarajia. Maji hupoa haraka yakiwa ya moto sana, kisha mwendo hupungua kadiri yanavyokaribia joto la chumba. Tuseme chumba kina nyuzi 25 na maji yana nyuzi 85, tofauti ni 60. Yakichukua dakika 10 kufika nyuzi 55, ambapo tofauti imekuwa nusu, basi kwa makadirio yatachukua dakika 10 nyingine kufika nyuzi 40 tu. Kwa hiyo grafu hii ni ya kupinda. Anayeleta mstari ulionyooka hapa amejitangaza mwenyewe.

Katika jaribio la ukinzani: kwanza, tazama mishale ya mita kabla ya kuwasha. Kama ammita inaonesha 0.02 pasipo umeme, hiyo 0.02 utaitoa katika kila usomaji. Pili, safisha ncha za waya kwa msasa, kwani kutu na uchafu navyo vina ukinzani. Tatu, pima urefu wa waya kutoka kiungo hadi kiungo. Nne, funga swichi wakati wa kusoma tu, ukimaliza ifungue. Umeme ukikaa ndani ya waya huupasha moto, na waya ukipata moto ukinzani huongezeka. Waya wa shaba wenye omu 2.0 ukiongezeka joto kwa nyuzi 50 utafika karibu omu 2.4. Hapo hujapima waya ule ule ulioanza nao. Tano, rudia angalau mara tatu, na uandike zote tatu.

Na kama namba zako zimeyumba, ziandike hivyo hivyo, kisha chini yake eleza unadhani kwa nini. Huko ndiko kuiweka nafaka iliyolowa juu ya lundo.

NASAHA KWA WAZAZI

Miaka ya 2014 na 2015 wazazi wengi nchini walichangia fedha na nguvu zao kujenga maabara katika shule za kata. Jengo ni kitu kizuri, lakini jengo halifundishi ukweli. Mtoto akirudi nyumbani usimuulize tu amepata ngapi. Muulize amepima nini, amepimaje na ameona nini.

Hata nyumbani yapo ya kufanya. Chukua mabakuli matatu: moja la maji ya moto yanayovumilika, moja la maji ya baridi ya mtungini, na la katikati maji ya vuguvugu. Mtoto aweke mkono mmoja katika ya moto na mwingine katika ya baridi kwa muda wa dakika moja, kisha yote miwili aitie katika la katikati. Mkono mmoja utamwambia maji ni ya baridi, mwingine utamwambia ni ya moto. Maji ni yale yale. Ndiyo sababu alfajiri ya kipupwe maji ya kisima tunayotilia udhu tunayahisi yana uvuguvugu, na mchana wa jua kali tunayahisi ya baridi. Mtoto akiyaona hayo ataelewa kwa nini Allah (s.w.) katika Suratur-Rahman amelitaja jambo la mizani pamoja na kuinuliwa kwa mbingu. Hisia zetu ni dhaifu, tunahitaji kipimo, na kipimo kinahitaji mtu mwaminifu.

Ama yule kijana wetu, tumemwita na kumwomba radhi kwa kumcheka na kwa kumkwepa. Tumemshauri akamweleze mwalimu wake ukweli na aombe kurudia jaribio. Alisita, kwa kuwa anahofia alama zake. Hofu hiyo tunaielewa. Basi tunawaomba na walimu wa shule, wanaposahihisha, wampe heshima mwanafunzi mwenye mstari uliopinda kwa haki kuliko mwenye mstari ulionyooka kwa dhulma.

Tunamuomba Allah (s.w.) awajaalie vijana wetu elimu yenye manufaa, ndimi za kweli na mikono ya amana, na atusamehe sisi walimu wao pale tulipopunguza mizani bila kujua au kwa kujua.